SOMO LA ELIMU YA WANACHAMA: KUCHAGUA RISIVA YA SAUTI NA PICHA KWA CHUMBA CHA MAFUNZO



Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844 walijipatia sifa kwa kuuza bidhaa safi kwa kipimo kamili. Mwanachama wa leo anaijua thamani ya jambo hilo kila anaposimama mbele ya mizani na mazao yake. Lakini chama kinapokwenda mjini kununua vyombo vya elimu, mara nyingi husahau kupima. Katika somo hili tutajifunza kuipima risiva kabla ya kuilipia.

1. Risiva ni nini?

Wengi wakisikia neno risiva hufikiri king'amuzi cha dishi. Tunayoizungumzia hapa ni chombo kinachokaa katikati ya vyombo vingine. Hupokea picha na sauti kutoka kwenye deki, king'amuzi au kompyuta, hupeleka picha kwenye runinga au projekta, na hukuza sauti na kuigawa kwa spika. Kwa hiyo ndani yake mna kazi mbili: kupitisha picha, na kuwa amplifaya.

2. Anzeni na chumba, si dukani

Risiva ya namna hii imetengenezwa kwa sebule. Inafaa chumba cha mafunzo cha watu thelathini au arobaini. Haifai Mkutano Mkuu wa watu mia tatu chini ya mwembe. Tena, risiva nyingi hazina tundu la kipaza sauti cha kuhutubia. Lile tundu dogo la kipaza sauti mnaloweza kuliona mbele ni la kupimia spika wakati wa kuzipanga, wala halimfai Mwenyekiti kusomea taarifa. Chama kinachohitaji chombo cha mikutano kinunue vyombo vya kuhutubia, na makisio yaseme hivyo waziwazi.

3. Picha: njia nzima ipitike

Picha ya kiwango cha juu iitwayo 1080 ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili. Ile ya 4K ina vitone 3,840 kwa 2,160, mara nne ya hiyo. Picha hupita katika waya wa HDMI, ambao kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2002. Toleo la 2.0, la mwaka 2013, hupitisha hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na hilo latosha kwa picha ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde. Toleo la 2.1, la mwaka 2017, hufikia gigabiti 48, lakini nyongeza hiyo huwafaa zaidi wachezaji wa michezo ya kompyuta. Mwishoni mwa mwaka 2020 baadhi ya risiva za kwanza za toleo hilo zilishindwa kupitisha vizuri picha za fremu 120 kutoka kwenye mashine za michezo. Upya wa chombo peke yake si sifa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba deki, risiva, waya na runinga vyote lazima vikubaliane. Filamu nyingi za 4K zimewekewa kufuli ya hakimiliki iitwayo HDCP 2.2. Chombo kimoja njiani kisipoitambua, picha hushuka daraja au hukosekana kabisa. Na kama projekta yenu ni ya 1080, risiva ya 4K haitaiongezea hata kitone kimoja.

4. Sauti: mwenye kusema asikike

Maandishi 5.1 maana yake ni spika tano na spika moja ya besi. Mbili huwekwa mbele, kulia na kushoto. Moja katikati chini ya picha. Mbili ubavuni, nyuma kidogo ya wasikilizaji. Katika filamu maneno mengi hutoka spika ya katikati. Kwa somo la kilimo au hesabu, spika hiyo ndiyo mwalimu wenyewe. Kama fedha ni chache, nunueni tatu nzuri za mbele kwanza. Za ubavuni zingoje msimu ujao.

Sauti kamili isiyopunguzwa, kama Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, hupita katika HDMI. Waya wa mwanga hauwezi kuibeba. Hubeba ile iliyobanwa, au ya njia mbili tu isiyobanwa.

5. Wati za kasha na wati za kweli

Hapa ndipo mizani huchezewa. Kasha huandikwa wati 1,000 kwa herufi kubwa. Mwulizeni muuzaji maswali manne: Wati hizo ni za spika ngapi zikifanya kazi pamoja? Kwa omu ngapi, 8 au 6? Kwa masafa yote ya sauti, herzi 20 hadi 20,000, au kwa herzi 1,000 tu? Na sauti imeharibika kwa asilimia ngapi? Wati 80 za spika mbili, omu 8, masafa yote, uharibifu chini ya asilimia 0.1, ni kipimo cha heshima. Wati 150 za spika moja, omu 6, kwa uharibifu wa asilimia 10, ni pamba iliyotiwa maji.

Jueni pia kwamba kuongeza wati maradufu hakuongezi sauti maradufu. Kutoka wati 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti mara mbili, huhitajika wati zipatazo mara kumi. Lakini spika ya desibeli 91, ikilinganishwa na ya desibeli 88 kwa wati ileile, hutoa faida hiyohiyo ya desibeli 3 bila kuongeza wati hata moja. Basi someni karatasi ya spika pamoja na ya risiva.

6. Umeme na joto

Umeme wetu ni volti 230, herzi 50. Risiva iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, na ya Japani volti 100. Ikichomekwa moja kwa moja huungua. Tazameni kibandiko cha nyuma kabla ya kutazama bei. Risiva hutoa joto jingi: iacheni ipumue juu na pembeni, wala isifunikwe kwa kitambaa cha kufuma, hata kikiwa kizuri namna gani.

7. Utaratibu wa kununua

Kwanza, hakikisheni fungu limo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Pili, Kamati iandike mahitaji: ukubwa wa chumba, vyombo vilivyopo, idadi ya matundu. Tatu, pateni ankara kifani kutoka maduka matatu. Nne, jaribuni kabla ya kulipa, mkitumia deki yenu na filamu ya maneno, si muziki. Mjumbe mmoja akae mbali kadiri ya safu yenu ya mwisho na aandike anayoyasikia. Tano, Katibu atunze stakabadhi na hati ya dhamana, na aingize namba ya chombo katika rejesta ya mali siku hiyohiyo.

Fedha hizi ni kilo za mazao zilizokwisha kupimwa. Zikipotea kwa wati za karatasi, mkulima atakuwa amepunjwa mara ya pili, safari hii na chama chake mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Chumba chetu kina urefu na upana gani, na safu ya mwisho i umbali gani?
2. Kati ya vyombo tulivyonavyo, kipi kitazuia picha ya 4K?
3. Tukipewa fedha za spika tatu tu, tutaziweka wapi, na kwa nini?