Neno HATI na Jamaa Zake

Neno hati twalisikia kila siku. Mwalimu humwambia mwanafunzi, "Hati yako haisomeki, andika tena." Mwenye shamba naye husema, "Hati yangu nimeitia sandukuni." Neno ni moja, bali maana ni mbili. Na tuzipambanue.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake huko ni mstari au maandishi. Kwa hiyo maana ya kwanza ya hati ni mwandiko, yaani namna mkono wa mtu unavyoziandika herufi. Maana ya pili ni karatasi iliyoandikwa ili neno lihifadhiwe, lisikanushwe baadaye: kama vile hati ya kununua nyumba, au hati ya deni.

Maandishi hukaa kuliko watu. Ziko barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu tangu mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa Goa, katika Bara Hindi, hata leo. Walioziandika wamekufa zamani, lakini maneno yao yangali yakisomwa.

Hati ina jamaa wengi, na kila mmoja ana kazi yake:

Waraka ni barua, hasa barua ya mambo mazito. Kwa Kiarabu maana yake ni jani au karatasi.

Cheti ni karatasi fupi ya kuagiza au kushuhudia jambo, kama cheti cha daktari. Neno hili limetoka Bara Hindi.

Stakabadhi ni karatasi ya kushuhudia kwamba fedha au mali imepokewa.

Mkataba ni maandishi ya mapatano ya watu wawili au zaidi. Shina lake ni moja na la kitabu, katibu na maktaba.

Daftari ni kitabu cha kuandikia hesabu na habari. Neno hili limetujia kwa Waarabu, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi, kwa kuwa watu wa kale waliandika juu ya ngozi.

Basi maneno haya ni ndugu, lakini si pacha. Sikilizeni habari ya mvuvi mmoja.

Mvuvi huyu alikopa shilingi 40 kwa mwenye duka ili anunue nyavu. Baada ya miezi mitatu akalipa zote. Mwenye duka akafurahi, akaandika maneno machache katika karatasi, akampa. Mvuvi hakujua kusoma. Akaichomeka karatasi ile katika makuti ya dari, akalala bila wasiwasi.

Mwaka uliofuata mwenye duka akafa. Mwanawe akafungua daftari, akaona deni halikufutwa. Akaenda kwa mvuvi, akasema, "Mzee, naomba shilingi 40 za marehemu baba." Mvuvi akajibu, "Mwanangu, baba yako nilimlipa mkononi mwake, naye aliniandikia." Wakaenda mbele ya hakimu. Mvuvi akaitoa karatasi yake kwa furaha. Hakimu akaisoma kwa sauti: "Mpe huyu mchele pishi mbili."

Kumbe haikuwa stakabadhi! Ilikuwa cheti cha kwenda kupokea zawadi ghalani. Mchele hakuupata, na deni akalilipa mara ya pili. Ikambidi auze ngalawa yake.

Jambo la kuhuzunisha zaidi ni hili: mvuvi alikuwa na kijana wake shuleni, ajuaye kusoma vizuri. Karatasi ile ilikaa mwaka mzima juu ya kichwa chake alipolala. Baba aliona haya kumwuliza mtoto, na mtoto hakuuliza kuna nini darini.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nasi twaongeza: mwenye karatasi asiyoijua ni sawa na asiye nayo. Nyumbani kwenu kama ziko karatasi, waombeni wazee kwa adabu, mkawasomee, mkawaambie ipi ni hati, ipi stakabadhi, na ipi ni cheti tu.

MASWALI
1. Taja maana mbili za neno hati, na kila moja uitungie sentensi.
2. Cheti na stakabadhi vyatofautianaje?
3. Mvuvi angalifanya nini siku ile alipolipa deni?
4. Andika stakabadhi ya shilingi 40 ambayo ingalimwokoa.