Simu, Saa Janja na Mashine ya Presha: Jinsi ya Kuvitumia Kujikinga na Maradhi

Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Mtu huenda kazini, hula na kulala vizuri, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiumia taratibu. Kisukari cha aina ya pili nacho huweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila kujulikana. Hapo ndipo vifaa vya kujipima vinaposaidia: vinakuonyesha usichokihisi. Hata hivyo, kifaa chenyewe hakimkingi mtu. Kinachomkinga ni hatua anayochukua baada ya kuona namba. Kabla ya kutoa pesa, jiulize: namba hii ikiwa mbaya, nitafanya nini?

Anza na simu uliyo nayo

Simu janja nyingi huhesabu hatua zenyewe, bila bando. Tembea nayo mfukoni wiki nzima bila kubadili mwenendo wako, kisha tazama wastani. Ukikuta unatembea hatua 3,000 kwa siku, wiki inayofuata lenga 4,000, na uongeze kidogo kidogo. Usikatishwe tamaa na lengo la hatua 10,000. Lilianza kuvuma Japani mwaka 1965 kupitia jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichokuwa kikiuzwa. Faida huanza kupatikana chini ya hapo. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba kunatosha. Kulima na kuchota maji navyo vimo, hata kama simu imebaki nyumbani.

Saa janja: tazama mwelekeo

Ukigeuza saa janja utaona taa ndogo za kijani. Mwanga wake huingia kwenye ngozi, damu huunyonya, na saa husoma jinsi unavyopungua na kuongezeka kila moyo unapopiga. Saa ikilegea, mkono ukitikisika au ngozi ikiwa na tatuu, majibu huweza kupotoka. Kwa hiyo usihangaike na namba ya dakika moja. Tazama mapigo ya moyo ukiwa umetulia, wiki baada ya wiki. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika.

Baadhi ya saa hutoa tahadhari mapigo yanapokwenda bila mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi. Ukipata tahadhari hiyo, nenda ukapimwe moyo hospitali. Usipoipata, usidhani umepimwa na kuonekana mzima.

Jihadhari na saa au pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja ya aina hiyo. Ukitaka kujua sukari yako, nenda zahanati au kituo cha afya.

Mashine ya presha: pima hivi

Kama una pesa ya kifaa kimoja tu, nunua mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, yenye mkanda unaoutosha mkono wako. Mkanda mdogo mno hupandisha namba isivyo sahihi.

1. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda haja kwanza.
2. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana.
3. Weka mkono mezani usawa wa moyo, mkanda ukiwa kwenye ngozi, si juu ya nguo.
4. Pima bila kuongea. Subiri dakika moja, rudia, andika majibu yote mawili kwenye daftari.
5. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba. Acha majibu ya siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa yaliyobaki.

Wastani ukifika 135 kwa 85 au zaidi, peleka daftari lako kwa mtaalamu wa afya. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja, macho kufifia au kushindwa kuongea, wahi hospitali mara moja. Bila dalili hizo, pumzika dakika chache upime tena. Ikibaki juu, muone daktari siku hiyohiyo.

Linda taarifa zako

Programu za afya hukusanya mambo ya siri. Kabla ya kubonyeza kukubali, soma zinachukua nini na zinampa nani. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022. Una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje.

Mwisho, usiache wala usipunguze dawa kwa sababu kifaa kimeonyesha namba nzuri. Huenda ni nzuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Chagua namba moja ya kufuatilia mwezi huu na jambo moja la kubadili: tembea zaidi, au punguza chumvi iwe chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mwezi ukiisha, pima tena.