Ijara ya Nyumba na Haki Zilizomo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Watu wengi wa Mombasa na miji ya pwani wana nyumba za kupangisha, na riziki yao imo humo. Chumo hilo ni halali. Lakini wengi hawakusoma mlango wa ijara, wakadhani ya kuwa mwenye nyumba ana amri juu ya nyumba yake wakati wote, awe ameipangisha au hakuipangisha. Dhana hiyo ndiyo asili ya ugomvi mwingi, nayo huwatia watu wema katika dhuluma mbele ya Mungu na katika mashtaka mbele ya serikali.

Mas'ala ya kwanza: kilichouzwa ni nini?

Wanazuoni wasema ya kuwa ijara ni kuuza manufaa. Nyumba yabaki milki ya mwenyewe, lakini manufaa yake, nayo ni kukaa ndani, yamekuwa ya mpangaji mpaka muda uishe. Mathalan, Zaid amempangisha Bakari chumba kwa mwezi mmoja. Basi makazi ya chumba kile kwa mwezi ule Zaid amekwisha kuyauza, kama mwenye duka aliyeuza kanga. Hawezi kuifuata kwa mnunuzi akaivaa. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na kutoa salamu. Ufunguo wa pili alio nao Zaid haumpi ruhusa ya kuingia.

Mas'ala ya pili: mapatano na maandishi.

Katika madhehebu ya Shafi, sharti kodi ijulikane na muda ujulikane. Kusema, "Kaa tu, tutaelewana," ni kupanda ugomvi. Na Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, yaamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Basi na yaandikwe majina ya wawili hao, chumba chenyewe, kodi, siku ya kulipa, muda, na nani alipaye maji na taa. Kila malipo yapewe risiti. Fedha aliyoweka mpangaji kuwa dhamana iandikwe pia, kwani hiyo si faida ya mwenye nyumba. Ni haki ya mpangaji, hurudishwa akitoka, isipokuwa kiasi cha deni au uharibifu aliouleta. Ama maduka, hoteli na mikahawa, kanuni ya Kenya ya mwaka 1965 imemlazimisha mwenye nyumba kuweka daftari ya kodi na kumpa mpangaji nakala yake.

Tena Mombasa iko desturi ya nyumba bila ardhi: mtu ana nyumba, na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Mwenye nyumba wa namna hii ni mpangaji naye. Asimwahidi mtu makazi ya miaka juu ya kiwanja ambacho yeye mwenyewe hakukipata kwa miaka hiyo, kwani mtu hauzi asichomiliki. Na yampasa amtendee mpangaji wake kama apendavyo kutendewa na mwenye ardhi.

Mas'ala ya tatu: matengenezo.

Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj ya kuwa kukabidhi ufunguo na kujenga palipobomoka ni juu ya mwenye nyumba. Asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mapatano. Nyumba ikianguka, ijara ya muda uliobaki imevunjika, na kodi yake haidaiwi. Kanuni ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yafuata njia iliyo karibu na hiyo: ikipangishwa sehemu tu ya jengo, kama vyumba, basi paa, kuta kubwa na mifereji mikuu ni juu ya mwenye nyumba, ila mkataba ukisema vingine. Mpangaji naye ni mwaminiwa. Hadhamini kilichoharibika ila kwa kupindukia mpaka au kwa uzembe wake.

Mas'ala ya nne: mpangaji asiyelipa.

Hapa ndipo watu huangamia. Bakari hakulipa miezi miwili. Zaid aja na fundi, ang'oa mlango, aezua mabati, akata maji, na watoto wa Bakari walala nje. Deni la Bakari lingali deni. Lakini Zaid, aliyekuwa mdai jana, leo amekuwa mdaiwa. Huenda akalipa fidia kuliko kodi aliyokuwa akiitaka, na Siku ya Kiyama ana kesi nyingine.

Njia iliyo sawa ni hii. Kwanza aulize sababu. Akiwa Bakari ana dhiki ya kweli, Al-Baqara, aya ya 280, yaamrisha kumngoja mpaka apate wasaa. Kumngoja katika deni si kumpa nyumba milele: muda ukiisha Zaid ana haki ya kurudishiwa nyumba yake. Pili ampe ilani kwa maandishi. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi apewa ilani isiyopungua mwezi. Wa duka lililo chini ya kanuni ya 1965 apewa miezi miwili isiyopungua, kwa karatasi maalumu, naye ana haki ya kupeleka shauri barazani. Tatu, akikataa, Zaid aende mahakamani. Vyombo vya Bakari asivishike kwa mkono wake. Hiyo ni kazi ya dalali mwenye leseni, kwa njia ya sheria.

Wala asidhani kadhi atamwondoa mpangaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi hukumu za hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu. Kodi haimo. Kadhi au mzee wa mtaa aweza kusuluhisha wawili wakiridhia, na suluhu ni heri. Lakini amri ya kumtoa mtu nyumbani yatoka kwa mahakama ya serikali.

Mwenye kushika haya hula kodi yake ikiwa halali, na mlango wake haujui polisi. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.