Kutengeneza Banda Kuukuu la Nguruwe

Bwana wetu alifundisha kwamba ajengaye huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Nasi tufugao nguruwe pembezoni mwa Dar es Salaam, huko Kinondoni na Temeke, tutengenezapo banda kuukuu tusitazame bei ya leo tu. Hori la mbao ni rahisi, lakini nguruwe hulitafuna, na uchafu hukaa katika nyufa. Heri hori la saruji, na sakafu ya zege yenye mteremko, isiyoteleza. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo habari zake ziliandikwa kwanza Kenya mwaka 1921, haina tiba. Twaikinga kwa usafi na kwa kuwazuia wageni, na banda lenye nyufa halisafishiki. Fedha zikipunguka, ni heri kutengeneza chumba kimoja vema kuliko vitatu vibaya.