Ukinzani na Nguvu ya Umeme: Hesabu Niliyoisahau Mgahawani

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wa kidato cha pili na cha tatu, leo nataka tujifunze hesabu ndogo ya umeme. Mimi niliijua kwa karatasi tangu mwaka jana, na katika jaribio nilipata alama zote. Lakini likizo ya Juni ilinionyesha ya kuwa sikuijua.

Baridi ya Juni hapa Makambako mnaifahamu. Asubuhi moja nilikuwa nikimsaidia mjomba katika mgahawa wake. Wateja walikuwa wengi na chai imekwisha, basi nikachomeka birika la umeme katika ekstensheni ambayo tayari ilikuwa na jiko la umeme. Tulichemsha birika la kwanza, tukachemsha la pili. Katika la tatu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, na waya ukaanza kutoa moshi. Mjomba akakimbilia swichi kuu, akaizima. Hakuna aliyeumia, ila meza ilibaki na alama nyeusi. Akaniuliza, "Mjomba, huko shuleni hamfundishwi mambo haya?" Sikuwa na jibu, maana tulikuwa tumefundishwa.

Basi tuanze mwanzo. Fikiri juu ya maji yatokayo katika tangi lililo juu. Msukumo wa maji ni mfano wa volteji (V), ambayo hupimwa kwa volti. Maji yanayopita ni mfano wa mkondo (I), ambao hupimwa kwa ampea. Wembamba wa bomba unaozuia maji ni mfano wa ukinzani (R), ambao hupimwa kwa omu. Jina hilo latokana na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani, aliyetoa kitabu chake juu ya jambo hili mwaka 1827.

Kanuni ni mbili tu:

Ukinzani: R = V ÷ I
Nguvu: P = V × I

Nguvu hupimwa kwa wati. Tuseme pasi imechomekwa katika umeme wa nyumbani wa volti 230, na mkondo ni ampea 5.

R = 230 ÷ 5 = omu 46
P = 230 × 5 = wati 1,150

Ukiziunganisha kanuni hizo utapata nyingine, P = I × I × R. Tuihakiki: 5 × 5 × 46 = 1,150. Jibu ni lile lile. Kumbuka kwamba hesabu hizi zafaa kwa vitu vya kutoa joto, kama pasi na birika. Mota ina mambo yake zaidi.

Angalia pia vipimo. Ukipewa miliampea 250, zigeuze kwanza kuwa ampea 0.25. Balbu ya tochi ya volti 3 yenye mkondo huo ina ukinzani wa 3 ÷ 0.25 = omu 12. Anayegawanya 3 kwa 250 hupata 0.012, na alama zake hupotea.

Sasa turudi mgahawani. Birika liliandikwa wati 2,000 na jiko wati 1,000, jumla wati 3,000. Mkondo ni nguvu gawanya kwa volteji: 3,000 ÷ 230 = ampea 13, kwa kukadiria. Ekstensheni iliandikwa ampea 10. Maandishi hayo yalikuwa mbele ya macho yangu, nami sikuyasoma.

Kwa nini waya uliungua? Waya nao una ukinzani, japo mdogo. Tuseme ni omu 0.5. Kwa ampea 5, joto la waya ni 5 × 5 × 0.5 = wati 12.5. Kwa ampea 13, ni 13 × 13 × 0.5 = wati 84.5. Mkondo haukufika mara tatu, lakini joto limezidi mara sita! Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kanuni hiyo hiyo yaeleza nyaya kubwa zitokazo hapa Makambako kwenda Songea, zenye volti 220,000. Tuseme, tukiacha mambo ya fezi tatu, twataka kupeleka wati 22,000,000. Kwa volti 220,000 mkondo ni ampea 100. Kwa volti 22,000 mkondo ungekuwa ampea 1,000, yaani mara kumi, na joto linalopotea katika waya ule ule lingekuwa mara mia. Ndiyo sababu umeme wa safari ndefu hupewa volteji kubwa.

Zoezi: Kifaa cha volti 230 chapitisha ampea 4 katika ekstensheni ya ampea 10. Tafuta ukinzani wake, nguvu yake, na wati zinazoweza kuongezwa bila kuvuka kiasi.

Majibu: omu 57.5, wati 920, wati 1,380.

Mjomba amenunua ekstensheni nyingine, yenye waya mnene. Juu yake nimebandika karatasi yenye hesabu ya kila kifaa chake. Nanyi, kabla ya kuchomeka kitu bwenini au nyumbani, someni kwanza namba zilizoandikwa. Hesabu ya dakika moja yaweza kuokoa nyumba nzima.