Dondoo Muhimu: Mwanafunzi Akibakwa

Mzazi wa Mkonze, Dodoma, ambaye mwanawe, kwa hofu na haya, amemfunulia kwamba amebakwa, na azingatie haya bila kukawia:

1. Msikilize hadi amalize. Usimkaripie, wala usimuulize alivaa nini.
2. Usimwogeshe wala usifue nguo zake. Zifunge katika karatasi, kwani mfuko wa plastiki hutunza unyevu ukaharibu ushahidi.
3. Mfikishe hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI.
4. Ripoti kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, upate fomu ya polisi ya PF3; lakini matibabu yasingojee fomu.
5. Suluhu ya kulipana ng'ombe baina ya wazee ikatae katakata: ubakaji ni jinai.
6. Ukihitaji msaada, piga 116, Simu ya Mtoto, bila malipo.