Fedha za hoteli zimeingia kwenye saruji

Mama Mukubwa,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kasapa, upande wa chuo, pamoja na mama yetu mzazi mwenye miaka 79. Mdogo wangu wa kiume anakaa Liège. Huu ni mwaka wa kumi na moja hajakanyaga Lubumbashi. Mungu akipenda atafika katikati ya mwezi wa sita na mke wake, aliyezaliwa hukohuko Ubelgiji, na binti yao wa miaka minne ambaye mama hajawahi kumpakata.

Tulifurahi sana, mpaka alipopiga simu akaniomba nimtafutie hoteli mjini. Ile kubwa ya watu wa migodi haitaki. Anataka ndogo, ya vyumba vichache, yenye bustani, utulivu na maji ya moto. Akatuma dola 540, yaani siku sita kwa dola 90. Mama Mukubwa, nyumba yetu si jumba, lakini chumba chao nilikwisha kuwaandalia: kitanda kipya, neti mpya, mapazia nimeshona mwenyewe. Shida ni bafu. Liko nje, maji tunateka kisimani, mlango tunaufunga kwa kamba, na mvua za mwezi wa pili ziliangusha pembe moja ya ukuta. Nikawaza: fedha hizi zikitengeneza bafu, wageni watalala nyumbani, mama atafurahi, na sisi tutabaki na kitu. Nimechukua dola 120, nimenunua saruji na vigae. Fundi ameanza kazi. Mdogo wangu hajui. Kila akiuliza habari ya hoteli namjibu kwamba bado natafuta.

Mama naye hajaambiwa neno. Akisikia hoteli atasema mtoto anamkimbia. Na muyomba wetu wa Likasi, kaka wa mama, ambaye sijui nani alimpasha habari, ametuma ujumbe kwamba kama mdogo wangu analala hotelini, na yeye atafutiwe chumba hukohuko. Je, nimekosa? Nifanye nini?

Yaya wa Kasapa


Yaya wa Kasapa,

Umekosa. Kosa lenyewe bado ni changa na linalipika, kwa hiyo tuanze nalo kabla ya habari ya bustani na maji ya moto.

Mpigie simu wiki hii. Usimwandikie. Ujumbe wa namna hii utamkuta kazini au ndani ya basi, mkewe ameketi ubavuni, na atausoma kwa sauti ambayo wewe hukuikusudia. Mwambie: nimechukua 120 katika zile za hoteli, nimenunua saruji na vigae vya bafu la mama, ilinipasa nikuulize kwanza, nitazirudisha hivi na hivi. Kisha nyamaza umsikilize. Usimtajie ada za watoto, wala maradhi ya mama, wala miaka kumi na moja uliyomtunza peke yako. Hayo yote ni kweli na yana siku yake, lakini ukiyaweka juu ya dola 120 yatageuka kuwa ankara. Huenda akakwambia uziache, ni mchango wake kwa mama. Vizuri. Ila neno hilo litoke kinywani mwake, usiliwahi wewe.

Siwezi kukushauri usubiri, kwa sababu kalenda yenyewe haikuruhusu. Umesema katikati ya mwezi wa sita. Kila mwaka mwezi huo mji wetu hupokea mkutano wa madini, huo wanaouita DRC Mining Week, na kitovu chake ni Grand Karavia kule kando ya ziwa. Karavia ikijaa, wageni wake humwagika mjini kote, na hizi hoteli ndogo ndizo huisha mapema, kwa kuwa kampuni moja ya migodi inaweza kuchukua vyumba vyote kumi kwa simu moja. Hapo bei ya 90 usiitegemee tena. Ulipokuwa ukimjibu kwamba bado unatafuta ulikuwa unamdanganya. Ukichelewa wiki mbili tatu, itakuwa kweli tupu, na fedha zimepungua. Kwanza ulizia tarehe za mkutano wa mwaka huu. Kama zinagongana na safari yao, mdogo wako ajue leo, maana kusogeza tiketi kwa siku chache kunaweza kumgharimu kidogo kuliko bei za hoteli za wiki hiyo.

Sasa barua yako. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na bafu limechukua nafasi kubwa kuliko mdogo wako. Kamba ya mlangoni umeiandika, ukuta umeuandika, hata mvua za mwezi wa pili. Sababu ya yeye kutaka hoteli hukuiandika, na nadhani ni kwa kuwa hukumwuliza. Umejijibu mwenyewe kwamba anaona aibu kwenu. Lakini huyo amekulia katika lupango hilohilo na ameoga kwa ndoo hiyohiyo. Mwezi wa sita ni kipindi chetu cha baridi. Mji uko juu, karibu mita 1,200, na alfajiri ya Kasapa mtu hutoa mvuke mdomoni. Mtoto wa miaka minne kuvuka uwanja saa kumi na mbili asubuhi kwenda kuoga ni jambo la kumfikirisha baba yeyote, hata asiye wa Ulaya. Au mkewe ndiye ana hofu: mama mkwe hajamwona uso kwa uso, Kiswahili labda anakielewa nusu, na angependa pawe na mlango mmoja wa kujifungia jioni alie kidogo au acheke, bila wifi kuuliza kuna nini. Mimi nilipoolewa ningelipa kwa furaha kupata mlango huo. Sababu zinaweza kuwa nyingine kabisa. Mwulize, na uulize kama dada anayetaka kujua, sio hakimu.

Mama ni habari nzito zaidi. Unaogopa atasema mtoto anamkimbia, na huenda akasema hivyo. Lakini fikiri neno hoteli linamfikia kutoka wapi. Mama wa miaka 79 alikuwa msichana wakati mji huu ukiitwa bado Elisabethville. Kati ya mji wa wazungu na mitaa ya Waafrika palikuwa na ukanda mtupu ulioachwa kwa makusudi, na usiku mtu mweusi hakuvuka upande ule bila karatasi. Hoteli za katikati ya mji Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, kubeba au kufua. Baada ya 1960 milango ikafunguka, lakini kwa watu wengi wa kizazi chake hoteli ikabaki mahali pa mabosi, au pa mwanamume anayemficha mtu. Leo ukimwambia mwanao atalala hotelini na mke wake wa ndoa na mtoto wao, anasikia vitu viwili: ama amekuwa bosi juu yetu, ama kuna jambo linafichwa. Hapo hakuna ukaidi wa uzee. Huo ndio mji aliouona kwa macho yake.

Kwa hiyo asipewe habari hii na wewe, tena asipewe kwenye uwanja wa ndege wa Luano masanduku yakiwa mkononi. Mdogo wako ampigie mwenyewe, mapema, aongee na mama yake, naye amsikie. Aseme watalala wapi na kwa nini, kisha aseme kwamba wakitoka uwanja wa ndege watapita kwanza Kasapa kumsalimu na kula kwake, ndipo waende mjini. Kwa maoni yangu ratiba hiyo ndiyo itamtuliza mama kuliko maelezo yoyote. Mwana aliyekula bukari ya mama yake kabla ya kufungua sanduku hakumkimbia mtu. Wewe usibebe ujumbe huu. Dada mkubwa ukishakuwa mjumbe kati ya mama na mwana, lawama za pande zote mbili zitaishia kwako.

Simu hizo mbili, yako na yake, zikishapigwa, nenda ukatafute hoteli kweli. Picha zisikuridhishe. Nyingi ya hoteli ndogo za mjini kwetu ni nyumba za zamani za Wabelgiji, zina veranda na miti mizuri ya kupiga picha, lakini mabomba ni ya umri uleule na ukuta. Nenda jioni, saa ambayo SNEL hupenda kukata umeme. Omba kuonyeshwa chumba chenyewe watakacholala, si kile cha kuonyesha wageni. Fungua bomba la maji ya moto usubiri mpaka yafike. Uliza jenereta inawashwa saa ngapi na inazimwa saa ngapi, maana wapo wanaoizima usiku wa manane, na iko upande gani. Utulivu anaoutaka mdogo wako unaweza kuwa mita tano kutoka kwenye injini. Uliza Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi jirani ni nani. Baa ikinyamaza, kanisa huanza.

Neti ni lazima, hata mahali penye kiyoyozi. Yule aliyeishi Ulaya miaka kumi na moja kinga yake dhidi ya malaria imekwisha au inakaribia kwisha, na mtoto hakuwahi kuwa nayo. Mwambie amwone daktari hukohuko kabla ya safari kwa ajili ya dawa za kinga, na kadi za chanjo ya homa ya manjano zisisahaulike.

Halafu kuna swali ambalo watu wa Lubumbashi husahau kuuliza mpaka aibu iwafike mlangoni: wageni wa mgeni wanapokelewaje? Mama akija siku ya pili na wajukuu, wanne wa kwako na wengine wa jirani waliojipachika, watakaa bustanini au mlinzi atawasimamisha getini? Wakinunua soda watavumiliwa? Hoteli inayojibu kwa kukunja uso iache, hata kama ina maji ya moto siku nzima. Ndio maana pia nakushauri utafute upande wa mji unaotazama Kasapa, si ng'ambo ya pili. Mchana njia ya chuo ina teksi-basi tele. Saa nne usiku ni habari nyingine, hasa mtoto akiwa amelala begani, kwa hiyo panga tangu sasa dereva mnayemjua wa kuwarudisha kila jioni, na bei yake iingie katika hesabu.

Kuhusu malipo: uliza kama 90 ni ya chumba au ya mtu, kama chai ya asubuhi imo, na kama kitanda cha mtoto kinalipiwa. Watakuomba avansi. Ilipe, chukua risiti yenye jina la mdogo wako na tarehe zote, uipige picha umtumie papo hapo. Kagua noti unazopeleka. Unajua dola yenye mchaniko mdogo inavyokataliwa hapa, hata ile uliyoipokea bila kinyongo. Uliza ndege ikichelewa siku moja avansi inakuwaje. Mtu anayeunganisha ndege Addis Ababa anaweza kuchelewa, na afadhali jibu liwe limeandikwa.

Kuna watakaokwambia mgawane: siku tatu hotelini, siku tatu nyumbani. Mimi sipendi. Huko ni kufungasha na kufungua masanduku mara mbili na mtoto mdogo, mkewe hatatulia huku wala kule, na mama atahesabu siku zake kama mtu anayedai. Walale mjini zote sita. Ila mchana ni wenu. Waje saa nne, wale sombe na mikebuka, mtoto apate usingizi wa mchana kwenye kile kitanda kipya, chini ya ile neti mpya. Chumba ulichoandaa hakijapotea. Kitatumika kila siku baada ya chakula. Na kama usiku mmoja mdogo wako ataamua mwenyewe kubaki, mkewe na binti wakiwa wameshafikishwa hotelini, kitanda kipo. Usimwombe. Ukimwomba atakubali kwa ajili yako, na asubuhi mgongo ukimuuma itakuwa juu yako.

Vigae vimekwisha kununuliwa na fundi yuko kazini, basi amalize, lakini kuanzia leo kwa fedha zako, polepole, hata kama itafika mwezi wa tisa. Mwambie aanze na sakafu na mlango wa kufunga kwa kitasa. Mama wa miaka 79 kuvuka uwanja usiku kuelekea mlango wa kamba lilikuwa jambo la kushughulikiwa kabla ya mtu yeyote wa Liège kukata tiketi, na hilo nalo unaweza kumwambia mdogo wako siku nyingine, mkiwa mmeketi wawili, akiwa ameshiba.

Muyomba wa Likasi mjibu kwa heshima zote anazostahili kaka wa mama yako. Mwambie chumba chake kipo Kasapa, kitanda ni kipya, mapazia yameshonwa nyumbani, na dada yake anamsubiri. Akisisitiza hoteli, mpe namba ya simu ya mapokezi na umtajie bei.

Mama Mukubwa